Uvimbe wa Mama Shanice

Moureen alirudi Mwatate amejikunja, akitembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Daktari wa Mombasa alikuwa amemweleza yote kabla ya kumpasua: kwamba ngozi iliyoning'inia tangu azae mapacha itakatwa na kutupwa, misuli ivutwe na kushonwa, kitovu kitengenezewe mahali pengine, kwamba atalala chali magoti yamekunjwa, mirija miwili ikitoa maji kiunoni, na mkanda wa kubana asiuvue usiku wala mchana, kwamba kunyooka kutakuja polepole, na kubeba vitu kutakuja mwisho kabisa. Hayo yote aliyasikia kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa limeshika kwamba tumbo litakuwa bapa.

Sasa alikuwa nalo, hilo tumbo bapa, na hakuwa na nguvu za kulitazama. Alikuwa amechoka. Alichoka kulala chali, alichoka kuamka kwa kujiviringisha ubavu, na maumivu ya kicheko ndiyo usiseme. Chini ya kitovu ngozi ilikuwa imekufa ganzi, akijigusa anaona kama anamgusa mtu mwingine. Jioni tumbo lilivimba, na mkanda ukawasha kwa joto. Watoto aliwapeleka kwa nyanya yao, maana hakuweza kumwinua hata mmoja.

Lakini kilichomchosha zaidi kilikuwa wema wa watu.

Huku kwao mtu hakatwi kimyakimya. Ukisema unaenda hospitali, akina mama wa kanisa watauliza unaumwa nini, kwa sababu wataomba, na wakiomba lazima wautaje ugonjwa kwa jina. Moureen angesema nini? Kwamba wateja wa duka lake la nguo wamemuuliza mara nyingi mno mimba ina miezi mingapi? Alisema ni uvimbe kwenye kizazi. Maneno yalimtoka tu, na kabla hajayarudisha kikundi kizima kilikuwa kimepiga magoti. Mumewe Wesley, aliyekuwa kazini kwenye ranchi huko Kishushe, alipigiwa simu akaambiwa ukweli wote. Akasema mwili ni wa Moureen, na mdomo pia ni wake.

Basi zamu zikapangwa. Huyu anachota maji, yule anafua, mwingine analeta kimanga cha moto, mihogo na maharagwe yaliyopondwa vizuri, anaketi kando ya kitanda kumtazama akila. Kila aliyekuja alimshukuru Mungu kwa kuuondoa ule uvimbe. Moureen aliitikia amina, na kila amina ilimuuma kuliko mshono.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mable, mama wa makamo kutoka upande wa Bura, mpole, na uvimbe wake ulikuwa wa kweli. Kwa miaka alikuwa akitokwa na damu hadi viganja vikawa vyeupe, na kila alipopewa tarehe ya upasuaji huko Voi alipata kisingizio: mahindi, matanga, mjukuu mgonjwa. Safari hii alikuwa amekubali. Amekubali, akina mama walisema kwa furaha, kwa kumwona Mama Shanice amekatwa na yuko hai. Mama Shanice ndiye Moureen. Shanice ni kifungua mimba wake.

Mable aliosha vyombo, akafuta mikono kwenye leso, akaketi. Alisema Jumatatu analazwa, na usingizi umempotea kwa woga. Kisha akaomba, kwa aibu, aonyeshwe mshono, ili ajue tu kinachomngoja.

Moureen alitafuta sababu ya kukataa, hakuipata. Akafungua mkanda.

Mshono ulianzia nyonga hii ukaishia nyonga ile, mwekundu, umetuna. Mable aliutazama, akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu akasimama, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mimi hii siwezi, Mama Shanice. Wacha nikae tu na uvimbe wangu. Nitamwambia Sharon awapigie simu, siendi."

Sharon ni bintiye, ndiye aliyemsihi miaka yote hiyo. Moureen angeweza kunyamaza. Kwa jinsi alivyochoka, kunyamaza kungekuwa rahisi kuliko kupumua. Lakini aliviona vile viganja vikifunga kikapu, akaogopa, akajichukia.

"Keti, Mama Sharon," akasema. "Uvimbe haukatwi hivi. Mimi sikuwa na uvimbe. Nilikatwa tumbo lipungue."

"Lipungue?"

"Lipendeze."

Mable aliketi. Moureen alimwona akikumbuka ndoo, kimanga, magoti sakafuni, na uso ukibadilika. Alingoja kutukanwa, maana alistahili.

"Yaani ulikuwa mzima," Mable akasema, "ukalala, wakakukata yote hiyo, ukaamka?"

"Nikaamka."

"Kwa kupendeza tu."

"Ndiyo."

Mable alishusha pumzi ndefu.

"Basi na mimi nitaamka. Lakini wenzangu nitawaambia. Siwezi kubeba uvimbe wangu na wako."

"Waambie."

Ijumaa hakuja mtu, wala Jumamosi. Moureen alichota maji kwenye pipa kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, kwa kuwa ndoo alikatazwa. Jumapili aliwasikia akina mama wakipita barabarani kutoka ibadani. Sauti zilipofika usawa wa mlango wake zilinyamaza, halafu zikaendelea mbele. Hakumlaumu mtu.

Jumatano simu ililia. Alikuwa Sharon, kutoka Voi. Mama ametoka thieta jana, alisema, ameamka na yuko sawa, ila hataki kuongea na yeyote. Ametuma swali moja tu kwa Mama Shanice: huku kukohoa kunauma hivi mpaka lini?

Moureen alikuwa ameegemea ukuta, bado amejikunja. Alilia kwanza, kimya, kwa sababu kulia kwa sauti kulivuta mshono.

"Mwambie akohoe polepole," akasema. "Mwambie mimi pia bado."