Kazi ya Dukani kwa Barakat

Nyuma ya duka la Barakat, Kafedha alimaliza kikombe cha pili cha kahawa, akashukuru, akainuka. Jibu alilolileta alikuwa bado hajalitoa.

"Kafedha," Bi Samiha, mkewe Barakat, akamwita.

"Abee."

"Keti, mwanangu. Mtu hatoki Mtopanga na jua hili kuja kunywa kahawa tu."

Akaketi.

Miaka yote Barakat ndiye aliyekuwa akinunua makuti yake, na mumewe alipofariki, mbao za jeneza zilitoka kwa Barakat bila kuombwa. Sasa Uhuru ulikuwa karibu, na kila aliyejenga Kisauni alitaka mabati. Barakat akaacha kuuza makuti. Lakini hakumtupa Kafedha. Alimtumia habari kwamba kuna kazi dukani, ya kupokea wateja na kuwaonyesha mabati, kivulini, kwa mshahara wa kila mwezi. Majirani walisema ameangukiwa na bahati, naye alijua hawakukosea.

Ila kulikuwa na Pascalia, wifi yake. Alipofuka macho angali msichana, na tangu Kafedha aolewe pale, wawili hao walishona makuti uani, miguu wameinyoosha, mmoja akichambua majani, mwingine akiyakunja na kuyashona kwa kupapasa, huku wakisengenya mtaa mzima. Asubuhi ile Pascalia alimwambia aende tu kazini, yeye atazoea. Aliyasema hayo huku akishona, na kuti lile likatoka limepinda.

Barakat aliingia akijipangusa vumbi mikononi. Kafedha akainamisha macho.

"Bwana Barakat, kwetu hapana mtu aliyewahi kufuatwa na kazi. Sisi ndio huifuata. Umeniheshimu, wala sitasahau. Lakini nikija huku, Pascalia atazungumza na nani mchana kutwa? Niwie radhi. Sikuidharau kazi yako."

Barakat aligeuza uso mlangoni. Dukani mteja alikuwa akiligonga bati kwa kidole, akisikiliza mlio wake.

"Na mimi nimekwisha kukuchongeshea kiti," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyekatika maini.

"Basi si chake?" akauliza Bi Samiha. "Mpe ende nacho."

Barakat alimtazama mkewe, kisha Kafedha, na cheko likamponyoka. Akasema wako bado wenye mikahawa na mabanda wanaotaka makuti. Si wengi, hawezi kumdanganya, lakini wakija dukani atawaelekeza Mtopanga.

Kafedha alirudi na kiti kichwani. Pascalia alikipapasa miguu, mikono, mgongo, akakikalia kwa adabu kama yuko kanisani. Akanyoosha mkono kutafuta majani, asiyafikie. Akajaribu tena. Mwisho akateremka chini, akavuta fungu la majani mapajani, akamsogezea mwenzake nafasi.

Kuku akaparamia kile kiti kipya, akajizungusha, akatulia.

"Haya," akasema Pascalia, vidole vikianza kazi, "Bi Samiha alikuwa amevaa nini?"