Soli ya Fundi

Soli ya kiatu cha kulia ilibanduka zikiwa zimebaki saa mbili kufika kileleni, na mwenye kiatu alikuwa fundi viatu. Vya mkewe na binti yake alivishona kwa uzi. Vyake, kwa uchovu, alivipaka gundi tu, na baridi ya mlima ikaigeuza gundi makombo.

Walikuwa wanajaribu mara ya tatu. Kwanza walirudishwa na mvua, kisha na maumivu ya kichwa ya mama, kwa maana sharti la familia lilikuwa moja: akishuka mmoja, wanashuka wote. Binti alikuwa anaolewa mwezi ujao na kuhamia mbali. Mara ya nne isingekuwepo.

"Kweli mganga hajigangi," mkewe alisema akihema. "Wateja wako wakisikia je?"

"Watapumzika kunisumbua."

"Baba, tushuke tu," binti alisema, lakini macho yake yalikuwa juu.

"Nani kakwambia nashuka? Kwani mguu huu ni wako?"

Akaifunga soli kwa mkanda wa suruali, akapanda huku suruali ameishika mkononi. Mkanda ulikatika katikati ya mawe. Akakivua kiatu, akamalizia kwa soksi.

Walifika wote watatu. Binti alilia. Mama aliketi, na fundi akalala chali, hata mandhari hakuyatazama.

Kilele kile kilimla kucha tatu, mkanda mmoja na wiki tano za kuchechemea. Kwenye picha za harusi amesimama na suti na kandambili.