Sailensa ya Gari la Marehemu

Sailensa ya gari la marehemu ilikuwa imetoboka, na baba yake akaibadilisha. Ubaya wote ulianzia hapo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la kizamani, la milango miwili, limekaa chini kama limechuchumaa. Kijana alilinunua likiwa mkweche wa kutupwa, akalifufua na baba yake, fundi magari, kwenye karakana iliyo uani kwao. Kila kitu walikigusa, isipokuwa ile sailensa.

"Iache hiyo, baba. Gari la mbio lisilonguruma si bora ninunue baiskeli?"

"Linanguruma wapi? Linakohoa hili! Ipo siku majirani watatuhamisha."

Mama yuko jikoni, hana mbavu kwa kucheka.

Kisha kijana akaugua, akalazwa, hakurudi.

Tangu mazishi, mama alijifungia chumbani. Chakula alikidonoa tu, dada zake wakija anageukia ukutani. Fundi hakujua amfanyeje. Kitu kimoja tu kilimtoa: kila Jumamosi asubuhi, mumewe alipoliwasha lile gari ili betri isife, mlango wa chumba ulifunguka. Mama alikuja kusimama kizingitini, mikono kifuani, akasikiliza mpaka gari lizimwe. Mara nyingine alipitia jikoni akabandika chai.

Fundi akapata moyo. Kumbe gari linampa nguvu! Basi atalitengeneza liwe kama jipya, ampakie mkewe, wakapunge upepo. Akitoka nje ya geti mara moja tu, mengine yatafuata.

Akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akafunga breki upya. Mwisho akajilaza chini ya gari, akakutana na lile tundu. Mikono yake haijawahi kupita penye ubovu ikapaacha. Akamwita mchomeleaji wa jirani, waliyemwita Miwani kwa sababu hakuwahi kuivaa.

"Kaka, uozo huu umeulea wa nini?" Miwani akauliza, macho mekundu kama pilipili.

"Mwenyewe alikuwa hataki iguswe."

Miwani akaingiza kidole kwenye tundu. "Pole, kaka. Ila hii haizibiki. Tufunge nyingine."

Wakafunga nyingine. Ile ya zamani ilikwenda na mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita.

Jumamosi, fundi akaliwasha. Gari likanong'ona. Akatabasamu peke yake, akatazama mlango. Kimya. Akakanyaga mafuta, likavuma kwa adabu. Kimya. Akaingia chumbani, mikono bado ina grisi.

"Mke wangu, inuka. Gari linatungoja."

"Hujaliwasha leo."

"Linawaka sasa hivi. Husikii?"

Akainua kichwa, akatega sikio. "Hilo ni gari la nani?"

"La mtoto. Nimeifunga sailensa mpya."

Mkewe akamtazama kama mtu anayesikiliza habari za mbali.

"Alikuwa akifika kona ya pale chini, namsikia. Nabandika chai. Akizima gari, imeshachemka. Ule mlio umeupeleka wapi, baba?"

Fundi alitoka mbio kumtafuta mtu wa vyuma. Akaambiwa lori limeshabeba kila kitu kwenda kuyeyushwa. Akarudi, akachukua drili, akaitoboa sailensa mpya palepale tundu la zamani lilipokuwa. Akaliwasha. Gari likapiga kelele uani kote, majirani wakachungulia.

Mama alikuja mpaka kizingitini. Alisikiliza kwa muda, kisha akatikisa kichwa, taratibu, kama hataki kumuumiza.

"Asante, mume wangu. Umejitahidi. Lakini si yeye."

Akarudi ndani, akafunga mlango.

Jumamosi zilizofuata fundi aliendelea kuliwasha. Betri haikufa. Kazi ile ilimgharimu sailensa moja mpya, ambayo sasa ina tundu, na mlango mmoja wa chumba, ambao haukufunguka tena.