Pumzi za Kuigiza

Emmett Tranter alikuwa amezisema baiskeli za umeme vibaya kwa miaka mingi, tena kwa sauti, tena mbele za watu. "Hiyo si baiskeli, ni kiti cha wagonjwa chenye kengele," ndivyo alivyozoea kusema, na Caz Wolanski, rafiki yake, alikuwa akiitikia, "Mwenye mota apande peke yake!" Basi siku goti lake la kushoto lilipogoma na daktari akamwambia gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa, limekwisha, jamani, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja hakuwa na pa kuuweka uso.

"Panda basi kama binadamu wenzio," mkewe Nadine alimwambia.

Panda basi! Nadine alikuwa mwanamke mwema lakini kilima hakukijua. Kwa miaka ishirini na miwili Emmett na Caz walikuwa wakikutana saa kumi na mbili na robo asubuhi kwenye kona ya duka la mikate katika mtaa wa Polish Hill, chini ya kilima, wanapanda pamoja, na wakifika juu wanaachana: Emmett anakata kushoto kwenda kuhudumia boila za kupasha joto majengo ya chuo kikuu, Caz kulia kwenda kwenye stoo ya hospitali. Hawakutembeleana nyumbani. Hawakupigiana simu. Urafiki wao wote ulikaa katika zile dakika ishirini, na nusu yake ilikuwa kimya, kwa sababu kwenye kilima kile hakuna mwenye pumzi ya kuongea. Mke wa Caz alipofariki, miaka minne iliyopita, Caz alizika Ijumaa na Jumatatu alikuwa kwenye kona. Hakusema neno. Walipanda tu, Emmett akilia na kusingizia upepo.

Sasa mniambie mtu wa namna hiyo utamwachaje pale kona ukapande basi.

Kwa hiyo Emmett akaenda kulamba matapishi yake. Alichagua duka la mbali, ng'ambo ya mto, asije akaonekana na mtu anayemjua. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Rosalba, mikono myeusi kwa grisi.

"Nataka ya umeme," Emmett alisema, akiangalia dirishani. "Lakini isionekane ya umeme."

Rosalba akamtazama. "Unamficha mkeo?"

"Simfichi mke. Namficha rafiki."

"Lo! Basi una shida kubwa kuliko nilivyodhani." Akamtolea moja ya kijivu, betri imo ndani ya bomba la fremu, mota imo katikati ya gurudumu la nyuma. "Ila hapo gurudumuni ni panene kidogo, hapafichiki. Ijaribu kwanza kabla hujanuna."

Akaijaribu. Alikanyaga pedali mara moja tu, na kitu kikamsukuma kwa upole, kama mkono wa baba yako mgongoni siku unajifunza. Kile kijilima nyuma ya duka kikapita bila goti kusema chochote. Emmett akacheka kwa sauti, peke yake, barabarani. Akaona haya. Akazunguka, akapanda tena, akacheka tena. Alirudi dukani amevaa uso wa mtu aliyefiwa, akalipa.

Jumatatu akaipakia mikoba yake ya zamani, mmoja ukaning'inia mbele ya ule unene wa gurudumu, akaenda kona. Caz alikuwa ameshafika na koti lake la manjano.

"Mpya hiyo?"

"Ya shemeji. Ameacha kuendesha."

"Shemeji yako mwenye tumbo lile?"

"Ndiyo maana ameacha."

Caz akacheka, wakapanda. Na hapo ndipo Emmett alipofanya jambo ambalo hata mimi ninayesimulia namwonea aibu: aliigiza. Alihema kama mbwa wa kiangazi. Alikunja uso. Penye mwinuko mkali, karibu na kanisa, alitoa na mguno. Kumbe mota ilikuwa inafanya kazi na yeye anapunga miguu tu. Kitu kimoja hakukitegemea. Zamani kichwa chake kilikuwa chini, macho kwenye tairi la mbele, dunia nzima ni maumivu. Sasa aliweza kutazama pembeni, na pembeni alimwona Caz. Alikuwa na miaka sitini na saba, midomo imekuwa ya buluu. Huyu mzee atakufa kwenye kilima hiki, Emmett aliwaza. Ila amwambie vipi? Kumwambia "pumzika" ni kujitaja, na mota ikijulikana asubuhi zao zimekwisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Alijitahidi siku nne. Siku ya tano, Ijumaa, alfajiri ya Oktoba nzuri, majani mekundu, moyo mweupe, Emmett akajisahau. Alianza kisa cha profesa mmoja aliyefungua dirisha wakati wa baridi halafu akapiga simu kulalamika kwamba boila hazifanyi kazi, na kisa kikamnogea, akakisimulia tangu kanisani mpaka juu, pamoja na sauti ya profesa.

Caz alishuka, akainamia usukani muda mrefu kabla ya kupata sauti.

"Umeongea," alisema.

"Nini?"

"Kilimani. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kuongea kilimani."

"Nimekuwa nikifanya mazoezi."

"Na goti ulilokuwa ukililalamikia?"

"Limepona."

Caz aliitazama baiskeli, akamtazama na yeye. "Haya. Kazi njema, bwana." Akakata kulia.

Emmett hakufika hata kwenye taa za barabarani. Dhamiri ilimkaba. Mtu amemfungulia mlango wa kusema kweli, na yeye kaubamiza! Akageuza. Na hapa mjue, mtu aliyekwisha kupanda kilima kile kwa miguu yake hakishuki tena mpaka jioni, hata akikumbuka ameacha jiko linawaka. Kwa mwenye mota, kushuka na kupanda tena si kitu. Lakini kwanza akaenda mpaka lango la hospitali, kule kule juu. Caz hakuwepo. Akaangalia huku na huku, ndipo akaliona lile koti la manjano, mbali, linateremka kilima polepole, breki zimeshikwa.

Anaumwa, Emmett alijiambia. Akamfuata mbio. Alimkuta chini, amekaa kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, kofia ya baiskeli magotini.

"Caz! Umesahau kitu?"

Caz alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alisogea kidogo, Emmett akakaa.

"Walinistaafisha Februari," Caz alisema.

"Februari ipi?"

"Kuna Februari ngapi kwa mwaka, we mzee? Hii iliyopita. Walikata keki, wakanipa saa ya mkononi. Saa! Mtu hana pa kwenda, unampa saa ya nini?"

Emmett alihesabu miezi kichwani. Minane. Kwa miezi minane mtu huyu alikuwa akipanda kilima kile na midomo ya buluu, anamuaga kazi njema, anageuka, anarudi nyumbani.

"Kwa nini, Caz?"

"Nikibaki humu ndani, mtu wa kwanza kuniambia habari za asubuhi ni yule wa kwenye televisheni." Alijikuna shingo. "Na wewe ungekuwa unamngoja nani pale kona?"

Emmett aliinyooshea baiskeli yake kidole. Maji ameshayavulia nguo. "Caz, hii baiskeli si ya shemeji. Ina mota."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu Jumatatu. Gurudumu lina kitu kama sufuria, wewe umelitundikia mkoba kama mtu anayeficha bata ndani ya koti. Halafu ule mguno wako wa kanisani! Nilitaka kufa kwa kicheko, ila pumzi sikuwa nayo."

"Sasa mbona hukusema?"

Caz aliigeuzageuza ile kofia. "Ningesema ungeona haya," akajibu. "Ungeacha kuja."

Emmett alimshika rafiki yake bega, jambo ambalo hawakuwahi kufanya, na bega lilikuwa jembamba kuliko alivyodhani. Walikaa hivyo. Kazini boila zilikuwa zinamngoja na hakujali.

"Mei ijayo na mimi nastaafu," alisema mwishowe.

"Najua. Nimekuwa nikiihesabu hiyo Mei."

"Siku ya kwanza baada ya kustaafu nitakuwa pale kona. Saa kumi na mbili na robo."

"Kwenda wapi?"

"Hakuna pa kwenda. Juu, halafu chini."

Caz aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Emmett alidhani anacheka, akataka kucheka naye, kisha akaona matone kwenye kofia. Akangoja. Gari la taka likapita, likasimama, likaondoka.

"Kesho Jumamosi twende kwa mama aliyeniuzia hii," Emmett akasema. "Nawe uchukue ya kwako."

"Mimi! Kiti cha wagonjwa?"

"Chenye kengele."

Caz alijifuta uso kwa mkono wa koti. Akaiangalia ile ya kijivu kwa muda, akanyoosha kidole akaugusa ule unene wa gurudumu.

"Halafu tutaweza kuongea mpaka juu," alisema taratibu. "Emmett, nina miaka minne ya mambo ambayo sijamwambia mtu."