Wamekata Tena

Simu ya kampuni ya kebo ya televisheni ina muziki wa kinanda wa kukusubirisha, na kuanzia Aprili hadi Agosti niliusikiliza mpaka nikawa naupiga mluzi nikiosha vyombo. Hilo liliniudhi kuliko yote. Watu wanakunyang'anya mchezo wako, halafu wanakuwekea wimbo.

Ugomvi wenyewe haukunihusu. Kampuni ya kebo na chaneli inayoonyesha timu yetu ya besiboli zilishindwa kuelewana kuhusu mkataba mpya, kila upande ukamwita mwenzake mlafi, na siku ya tatu ya msimu, katikati ya duru ya nne kati ya tisa, picha ikapotea. Ikabaki skrini ya buluu na maandishi ya kutuomba sisi watazamaji tuwapigie simu wale wengine tuwalalamikie. Mke wangu Arlys alikuwa na penseli mkononi. Aliitazama ile buluu, akanitazama mimi, akauliza sasa ni zamu ya nani kupiga mpira.

Arlys ameandika kadi za matokeo ya besiboli miaka arobaini na sita. Anachora visanduku kwa rula, kila mchezaji na mstari wake, na kila mpira unaopigwa anauandika. Mwaka huu ni wa tatu tangu ugonjwa wa kusahau umwingie. Asubuhi huwa na adabu kwangu kama kwa mgeni. Huniuliza kama nimekuja kutengeneza tanuri, nami humjibu kwamba tanuri liko sawa, basi hunikaribisha kahawa iliyo jikoni kwangu mwenyewe.

Lakini saa saba mchana mchezo ukianza alikuwa akikaa upande wake wa kochi, anachora visanduku vyake, na ikifika duru ya pili ananiita Verl. Ananikumbusha nimeze dawa ya presha. Anamsengenya kocha. Daktari hakuwa na jina la jambo hilo, na mimi sikulihitaji. Kwa saa tatu kila siku nilikuwa na mke, mchezo ukiisha anaondoka tena polepole. Saa hizo tatu ndizo walizozikata.

Nilijaribu redio. Arlys aliisikia sauti ya mtangazaji, akadhani kuna mwanamume jikoni, akaenda kumtafutia kikombe. Nikajaribu mtandao, kule ligi inakouza michezo yote ya nchi nzima. Nikalipia, nikakaa, likaja tangazo kwamba mchezo huu umefungwa kwa sababu naishi nyumbani kwa timu, ambako chaneli ile tu ndiyo yenye ruhusa ya kuuonyesha. Nyumbani! Kutoka hapa hadi uwanjani ni saa sita kwa gari, mahindi kushoto, mahindi kulia. Timu sita zinadai jimbo letu la Iowa ni lao na hakuna hata moja inayotuonyesha mpira.

Duane Te Slaa, jirani wa ng'ambo ya barabara, alihamia kampuni ya dishi. Wiki ya pili na hiyo ikagombana na chaneli. Nilimcheka mpaka nikaona aibu, maana nami nilikuwa naitegemea sebule yake.

"Usijisumbue, Verl," aliniambia. "Timu yenu hiyo hata ikionyeshwa haionekani."

Mwezi Mei nikaikumbuka kanda. Iko moja tu. Tuliirekodi miaka mingi nyuma, siku mdogo wake Arlys alipofunga ndoa saa ileile ya mchezo wa mwisho wa msimu, mchezo ambao tukishinda tunasonga mbele. Kanisani tuliziba masikio kila mtu alipotukaribia, asituambie matokeo. Jioni tukaitazama tukiwa bado na nguo za harusi. Tulifungwa kwa pointi moja. Duru ya tisa, wawili wetu wametolewa, wawili wako njiani wakisubiri kukimbia, na mpigaji ni Lonnie Craddock, kipenzi cha Arlys. Umebaki mpira mmoja wa kuamua. Ukaja katikati kabisa, mtoto mdogo angeupiga. Lonnie akasimama akautazama ukipita, akawa wa tatu kutolewa, mchezo ukaisha. Arlys aliandika K iliyogeuziwa mgongo, alama ya aliyetolewa bila hata kuzungusha gongo, akaenda kulala.

Nikalishusha deki kutoka darini, nikalipangusa vumbi. Duru ya pili Arlys akaniita Verl. Niliingia bafuni nikalia kidogo, nikarudi.

Sasa sikieni shida yangu. Kwake ule mchezo ulikuwa mpya kila siku. Kila siku alimwamini Lonnie, na kila siku Lonnie alisimama pale kama nguzo. Arlys aliandika ile K, penseli ikamdondoka, uso ukamvunjika. Kufikia saa ya chakula cha jioni alikuwa ameshausahau mchezo, lakini huzuni ilibaki, bila mwenyewe kujua imetoka wapi. Alizunguka nyumba akiuliza nani amekufa.

Na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake saa zote tatu nikijua. Duru ya tano akifurahi, najua. Duru ya nane akinibana mkono, najua. Sijawahi kuwa mpweke maishani kama kwenye kochi lile, mke wangu akiwa ameniegemea. Nilishafikiria kuizima kabla ya mwisho. Lakini Arlys hajawahi kuacha kadi bila kuimaliza, hata siku tulizofungwa pointi kumi na tano. Angeniuliza kwa nini, nami kwenye besiboli sikuwahi kumdanganya.

Kwa hiyo nikawa napiga simu. Nilitaka mchezo wa kweli, ambao hata mimi sijui mwisho wake. Mara nyingi alipokea binti mmoja anaitwa Rochelle, akaniita mzee Hoekstra, akanisomea karatasi ileile: tunaelewa usumbufu wako, mazungumzo yanaendelea. Nilimfokea sana mwanzoni. Baadaye nikamwomba radhi. Baadaye nikawa napiga tu, kwa sababu kwa siku nzima ndiye mtu pekee aliyeniita kwa jina bila kusaidiwa.

Agosti wakapatana. Duane alikuja mbio na ndara zake, watu mtaani wakapiga honi. Nilioga, nikavaa kofia ya timu, nikakata mkate wa nyama ya nguruwe, nikamnolea Arlys penseli mbili. Saa saba kamili picha ikatokea, safi, kijani kibichi.

Arlys akachora visanduku. Mtangazaji akaanza kutaja majina, naye akawa anaandika, anafuta. Vijana wenye ndevu ambao hakuwajua, sare mpya, na saa ya kumharakisha mrushaji. Duru ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Nilimwambia, huyu mrefu ndiye mzuri, tumemtoa Texas. Akanishukuru kwa adabu.

Duru ya tano aliweka penseli chini.

"Bwana," akasema, "samahani, sitaki uone nakufukuza. Lakini mume wangu anakaribia kurudi, na mchezo wetu unaanza."

Tulikuwa tunaongoza kwa pointi nne. Nilizima.

Miezi mitano ya kinanda, na nilichopigania kilikuwa hiki. Kisha nikainuka nikairudisha kanda mwanzo, nikambandikia kadi mpya kwenye ubao wake wa kuandikia, nikalibonyeza deki. Uwanja ule wa zamani ukatokea, rangi zimefifia, mstari mweupe unatetemeka chini ya skrini. Duru ya pili haijaisha akaligusa goti langu.

"Verl, umechelewa. Umekula?"

Nikamwambia nimekula.

Ikafika duru ya tisa. Jua lilikuwa bado liko juu ya ghala la Duane. Wawili wametolewa, wawili wako njiani. Lonnie Craddock akaingia, akalisugua gongo kwa kiganja kama kawaida yake. Arlys akasogea ukingoni mwa kochi.

"Leo anapiga," akasema. "Namjua huyu."

Ukabaki mpira mmoja. Mrushaji akainua mguu. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya rimoti, na sikumbuki kukituma. Picha ikakatika. Skrini ikawa buluu tupu.

Arlys akanigeukia, penseli hewani.

"Wamekata tena," nikasema.

"Wakati huu?" Akapigwa na butwaa, kisha akapandwa na hasira, hasira yake ya zamani, mashavu mekundu. "Washenzi hao. Wapigie, Verl. Wapigie sasa hivi."

Nikapiga. Kinanda kikalia. Nikamsogezea simu sikioni, akasikiliza, akasema hawana hata haya, wanatuwekea muziki. Akacheka kwa hasira, nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka na mtu tangu msimu wa masika.

Rochelle akapokea. Akaniambia mzee Hoekstra, naona kwako kila kitu kiko sawa, chaneli imerudi tangu asubuhi, kwani hupati picha?

"Anasemaje?" akauliza Arlys.

"Anasema bado wanazungumza."

Rochelle alikuwa amelisikia jibu langu. Akasema taratibu kwamba nisikate, akanirudishia kinanda.

Arlys aliitazama kadi yake. Kilikuwa kimebaki kisanduku kimoja, cha Lonnie, cheupe. Nilidhani atakijaza. Aliilaza penseli juu yake, akaushika mkono wangu, akaegemea.

"Basi tungoje," akasema. "Atapiga tu."

Nikangoja naye, simu sikioni.