Mshika Antena

Fundi bomba huyu alikuwa mstaafu, mtu wa heshima zake, asiye na makuu wala maneno mengi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: televisheni za zamani. Siyo hizi za siku hizi, nyembamba, za kutundikwa ukutani kama kalenda, hapana. Yeye alizitaka zile zenye mgongo mkubwa na miguu ya mbao, zile ambazo ukibadilisha kituo unazungusha kitufe nacho kinalia kata, kata, kata. Alizitoa majalalani, alizitoa kwenye stoo za watu, moja aliikuta kuku ameifanya kiota na akamsubiri mpaka aangue ndipo akaichukua. Chumba cha uani, alichokijenga kwa ajili ya wageni, kilijaa televisheni mpaka mgeni akija analazwa sebuleni.

"Umenifanyia nyumba makaburi," mkewe alikuwa akimwambia. "Tena maiti wenyewe wananikodolea macho."

Yeye anacheka tu, miwani kwenye ncha ya pua, kainamia sanduku la mbao anafuta vumbi kwa brashi ya kupakia rangi kucha. Ya mke, si ya kwake. Hiyo nayo ilikuwa kesi nyingine.

Watu wote walimwita Antena. Wengi walidhani ni kwa sababu ya hayo masanduku, lakini jina lilitangulia masanduku. Alipewa utotoni, na alipewa kwa kazi aliyoifanya.

Baba yao alikuwa wa kwanza kuleta televisheni kwenye safu yao ya nyumba. Ilikuwa ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, na juu yake ilikaa antena ya vijiti viwili. Basi ikawashwa, familia nzima imetulia, majirani wamebanana mlangoni, na kikaja nini? Chenga. Chenga tupu, vidoa vyeupe na vyeusi vinarukaruka kioo kizima, na sauti ya mtu anakaanga kitu. Baba akageuza antena huku, akageuza kule. Akaning'iniza sufuria, akafunga waya kwenye nondo za dirisha, akamtukana aliyemuuzia. Wapi! Mwisho akamwambia mtoto wake wa mwisho aiondoe hiyo antena asiione tena. Mtoto akaishika, na picha ikatulia tuli kama maji ya mtungini.

"Hapo hapo!" baba akapiga kelele. "Usisogee!"

Ndiyo ikawa kazi yake tangu siku ile. Mwingine akishika, chenga. Kaka yake mkubwa alijaribu, chenga. Dada yake alijaribu, chenga. Akishika huyu kitinda mimba, picha inang'aa. Kwa hiyo kila jioni watu wakikaa mbele ya televisheni, yeye anasimama nyuma yake, mkono juu, na utoto wake wote ukaisha bila kuona kipindi hata kimoja kikamilifu. Alichokiona ni nyuso. Mwanga ule wa kibuluu uliwapiga wote usoni, naye akawasoma: mama akicheka kwa kuziba mdomo, baba akijifanya hacheki, Kaka na Dada wamegandana bega kwa bega, macho yamewatoka. Usiku kitandani ndugu zake walimsimulia yote aliyoyakosa, wakibishana kila hatua. "Akamficha nyuma ya mlango." "Muongo, ilikuwa kabati." Kwake yeye hapo ndipo palipokuwa na utamu, kulala katikati ya wabishi wale wawili.

Jamani, nani angejua kwamba watu hao watafikia mahali pa kutosalimiana?

Ilianzia kwa mama. Mama alipougua, Kaka alimchukua akamuuguza kwake, na kwa kweli alimuuguza. Dada alikuwa anafundisha shule ya mbali. Habari ya msiba ilipomfikia, mvua zilikuwa zimekata barabara. Alifika akiwa na matope mpaka magotini, na mama keshazikwa. Alipouliza kwa nini hawakumsubiri, Kaka, akiwa na macho mekundu ya kukesha, akamjibu mbele ya waombolezaji wote: "Aliyetaka kumwona mama angekuja mama akiwa hai."

Dada aliokota mkoba wake. Kisha akasema, "Basi kuanzia leo sina kaka."

Na alilishika neno lake. Miaka ikapita, watoto wakaoa na kuolewa, na wale wawili wakikutana kwenye shughuli wanakaa pembe mbili za ukumbi, wamenuniana. Wakiwa na la kusema walimtumia Antena. "Mwambie huyo ndugu yako asogeze gari." "Mwambie huyo ndugu yako nimeshalisogeza." Antena akazeeka katikati yao, akipeleka huku na kurudisha kule, na hakuna kilichomuuma moyoni kama hicho. Usingizini alikuwa akiona nyuso zile mbili bega kwa bega. Akiamka, anakwenda zake uani kufungua sanduku jingine.

Sasa siku moja akaenda kunyoa. Kinyozi wake alikuwa mgonjwa, akapita kwa mwingine, na ameketi hajafungwa hata shuka shingoni akaona meza iliyopangwa chupa za dawa na mashine za kunyolea. Meza ile ilikuwa na miguu ya mbao. Ilikuwa na vitufe. Akainuka, akasogeza chupa moja, na juu ya mbao akaona doa jeusi lenye umbo la pasi.

"Mzee, vipi?" kinyozi akauliza.

Antena akapitisha kidole juu ya doa. Doa lile alilijua. Dada ndiye aliyeweka pasi ya moto juu ya televisheni akasahau. Baba aliporudi, Kaka akasema ni yeye mwenyewe aliyeiweka, na viboko akavila yeye. Antena alikuwa pale, nyuma, mkono juu.

Akamnunulia kinyozi meza nzuri ya kioo badala yake, akaibeba televisheni nyumbani bila kunyoa. Mkewe akaangalia nywele, akaangalia mzigo, akashika kiuno.

"Hii ni ya nyumbani," Antena akamwambia. "Hii ni yetu."

Mke akaachia kiuno. Alimjua mumewe, na alijua anachokiwaza. Akaenda kumletea brashi ya kucha mwenyewe.

Kazi ile aliifanya kama anamwogesha mgonjwa. Alitoa nyaya zilizooza ganda akatia mpya. Alibadilisha vipuri vilivyovimba tumboni mwake kimoja kimoja, akasafisha zile taa za kioo zinazowaka ndani, akakitafuta kioo cha picha kwenye maiti wake wengine uani mpaka akapata kinacholingana. Mbao aliipiga msasa na vanishi ikang'aa, ila lile doa la pasi hakuligusa. Na kwa kuwa vituo siku hizi havirushi tena mawimbi ambayo sanduku kama lile linayaelewa, akaliunganishia deki ya kanda kwa waya uliopita nyuma. Mpigapicha mmoja mstaafu alikuwa bado na kanda ya mchezo waliokuwa wakiupenda, wa mwenye nyumba bahili na wapangaji wake. Antena ya vijiti viwili akairudisha juu mahali pake, lakini ilikuwa pambo tu. Haikuunganishwa na kitu chochote.

Akaijaribu. Picha ikasimama imara, safi, kama imechapishwa gazetini. Hata baba hakupata kuiona hivyo. Antena akaifurahia kazi yake, na hapo ndipo alipokosea, maana fundi akizama kwenye kurekebisha hajui pa kuachia.

Akawaalika wote wawili, Jumamosi mchana, na kila mmoja akamficha kwamba mwenzake anakuja.

Kaka alitangulia, na fimbo yake. Dada akafika, akavuka kizingiti, akamwona. "Wifi," akamwambia mke wa Antena, "hukuniambia kama una mgeni."

"Shemeji naye ndiyo kwanza amefika," mke akasema, huku anamvutia kiti kabla hajageuza mguu. "Kaa wifi, chai iko tayari."

Akakaa, mwisho kabisa wa kochi. Kaka alikuwa mwisho wa pili. Katikati yao ungeweza kulaza mtu. Antena akavuta pazia, akalifunua sanduku shuka, na wote wawili wakainama mbele. Dada akanyoosha kidole akagusa lile doa. Kaka akamwona anavyoligusa. Kisha kila mmoja akaangalia kwake, na Antena akaona kheri awashe.

Picha ikaja. Mwenye nyumba akaingia, wapangaji wakajificha, watu wa zamani wakacheka kwenye kanda. Antena alisimama pembeni akawatazama ndugu zake kama alivyokuwa akiwatazama. Lo, aliona nini? Wazee wawili wanaangalia televisheni. Kaka aliangalia kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Dada alikoroga chai iliyokwisha korogwa. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyesema neno, na hakukuwa na sababu ya kusema, maana picha haikuwa na kasoro hata chembe. Moyo wa Antena ukashuka. Yote aliyoyarekebisha, na lililovunjika liko pale pale.

"Imetoka vizuri," Kaka akasema mwishowe, akitafuta fimbo yake. "Hongera, mdogo wangu. Mimi niwahi."

"Na mimi pia, nina safari," akasema Dada.

Antena akapita nyuma kuizima, machozi yako karibu, haoni vizuri anapokanyaga, na mguu wake ukakumba waya wa deki, ukachomoka.

Chenga. Chenga tupu, na ile sauti ya kukaanga.

"Shika antena!" wakapiga kelele wote wawili kwa pamoja.

Mkono wake ulikwenda juu wenyewe, kabla akili haijafika. Mkono wa pili, wa fundi, ulikuwa umeshaukuta waya ukaurudisha na kuushikilia. Picha ikatulia.

"Hapo hapo!" Kaka akasema, kainuka nusu. "Usisogee!"

Naye hakusogea. Ningekuwa mimi nisingesogea pia. Kaka akarudi kukaa. Dada akaweka kikombe chini.

"Sasa ameingia," Dada akasema, akimwambia Antena nyuma ya sanduku, kama alivyokuwa akimwambia kitandani. "Mpangaji amejificha nyuma ya mlango."

Kaka akanyoosha shingo kuelekea kioo.

"Siyo mlango," akasema Kaka. "Ni kabati."

"Mwambie huyo ndugu yako avae miwani."

"Mwambie huyo ndugu yako miwani ninayo, na kabati naliona."

Mke wa Antena akauma mdomo asicheke. Antena alikuwa anaona kila kitu: mwanga wa kibuluu kwenye mikunjo yao, Dada akiziba mdomo kama mama, Kaka akijifanya hacheki kama baba. Mkono ulianza kuuma na hakujali.

"Hivi wewe," Kaka akamuuliza ghafla, "miaka yote ile, hukuwahi kuona hata mchezo mmoja?"

"Nitaonaje, kaka? Nilikuwa nyuma."

Hilo likawaingia wote wawili. Kwa umri wao wote hawakuwa wamelifikiria. Kaka akaweka fimbo kando, akajikokota mpaka kwenye sanduku. "Toka hapo. Nenda ukae. Leo nashika mimi."

"Aa, kaka, acha tu..."

"Nimesema kakae!"

Kaka akikuamuru, huna la kufanya. Antena akaachia antena, na akaachia waya pia, ukaanguka. Akaenda kukaa katikati ya kochi, pale penye nafasi, na chenga zikajaa kioo kizima. Kaka akashika kijiti, akanyoosha mkono, akaupindisha. Chenga. Akasimama kwa mguu mmoja. Chenga.

"Kushoto," Dada akasema, akiiambia televisheni.

Kaka akapeleka kulia.

"Nimesema kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwangu, kaka! Kwangu huku!"

Neno likatoka, na likishatoka halirudi. Dada akaweka kiganja mdomoni. Kaka akabaki ameganda nyuma ya sanduku, mkono hewani.

"Hivi?" akauliza taratibu.

"Juu kidogo."

"Mkono unauma."

"Vumilia. Mwenzio alivumilia utoto mzima."

Akapandisha. Kisha, bila kuteremsha mkono, akasema, "Mdogo wangu, lile neno nililokwambia pale msibani..."

"Shika antena, kaka," Dada akasema, anafuta macho kwa upindo wa mtandio huku anacheka. "Shika kwanza. Tutaongea."

"Kushoto tena?"

"Kushoto. Hapana, umepitiliza. Rudi. Kaka, rudi!"

Mke wa Antena aliyaona haya yote kutoka mlangoni, na kwa kuishi na fundi miaka mingi alijua tatizo liko wapi. Akainama nyuma ya kochi, akamsogelea mumewe sikioni.

"Si waya ule umechomoka pale chini? Nenda kauchomeke."

Antena alikuwa ameketi, mikono mapajani, uso wake wote umelowa na anacheka, anaangalia chenga.

"Nyamaza, mke wangu," akamnong'oneza. "Tunaangalia televisheni."