Yai Jembamba la Babu Lemuel

Kwa miaka ishirini na sita nimebeba sahani katika nyumba ya balozi pale Kalorama, mtaa wa mabalozi, na miaka yote hiyo sikuwahi kuitazama dari ya chumba cha kulia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma.

Nyumba yenyewe alijengewa mjane wa tajiri mmoja wa reli, mwanamke aliyetaka nguzo sita za mawe mbele ya mlango kama hekalu la Wagiriki, akazipata. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilitumika kulaza askari majeruhi. Mwaka 1931, benki zilipokwisha kuanguka, warithi wakaiuza kwa nchi moja ya Ulaya iliyotafuta makazi ya balozi wake. Tangu hapo mabalozi huja na kuondoka, sisi tukibadilisha mashuka. Haya yote nimeyasoma katika rasimu ya kitabu cha miaka mia ya nyumba. Bwana Prescott, mwanahistoria aliyeajiriwa kukiandika, aliniachia nimsahihishie majina ya watumishi.

Ukurasa wa tisa ulisema: "Nakshi za dari ya chumba cha kulia ni kazi ya mafundi wa Kiitaliano kutoka Baltimore."

Nikafanya kosa la kumsomea shangazi yangu kwenye simu. Shangazi Ozella ni kitindamimba wa babu yangu, Lemuel Dorsey, fundi wa plasta. Ana miaka themanini na saba, na ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

"Waitaliano gani?" akauliza. "Waitaliano walipata mkataba. Baba ndiye aliyepanda ngazi."

"Shangazi, kila familia nyeusi mji huu ina babu aliyejenga Ikulu."

"Babu yako hakujenga Ikulu. Alitengeneza dari ya hicho chumba unachomiminia watu supu. Kitabu kinachapwa lini?"

"Ijumaa."

"Basi Alhamisi nakuja. Asiyekuwapo na lake halipo."

Alhamisi akashuka kwenye teksi na kofia yake ya kanisani, ile ya zambarau. Nikamshika mkono kumpeleka mlango wa chini, wa pembeni, ninaoupita mimi kila asubuhi. Akasimama pale pale.

"Clifton, mimi nimeleta nyama?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi mlango wa wauza nyama wa nini?"

Tukapita kati ya zile nguzo. Balozi alikuwa amesafiri, lakini nilinyata kama mwizi.

Bwana Prescott alitusubiri chumba cha kulia na ngazi ya mafundi wa rangi. Ni kijana mpole, na alimvutia Shangazi kiti. Shangazi hakukaa. Aliinua uso kwenye ule mkanda wa plasta wenye nakshi za mayai na mishale uliozunguka ukingo wa dari: yai, mshale, yai, mshale, chumba kizima.

"Baba alianzia juu ya meko ya kuotea moto," akasema. "Akaenda kulia, akaenda kushoto, ili akutanishe upande wa pili. Alipofika, nafasi iliyobaki haitoshi yai zima. Na kesho yake mwenye nyumba anahamia! Akalibana. Kuna yai moja jembamba juu ya mlango wa jikoni. Alitusimulia kila Krismasi."

"Kwa nini hapo, Mama?" Prescott akauliza.

"Kwa sababu mgeni haangalii mlango unaotoa chakula. Anaangalia chakula."

Prescott akacheka, akaisogeza ngazi kwenye mlango wangu, ule ninaoupita na sinia, akapanda. Akapitisha kidole yai kwa yai, kisha akarudia. Aliposhuka hakuwa anacheka.

"Yote yanalingana, Mama. Nasikitika sana."

Hapo ndipo Shangazi alipokaa. Akaanza kutafuta mkoba wake, nao uko mkononi. Nilimhurumia hadi nikashindwa kumtazama. Tena nilikasirika, maana babu yangu alikuwa anageuka mwongo wa Krismasi mbele ya mtu mwenye kalamu. Nikageukia kabati la vyombo, nikajifanya kunyoosha vikombe visivyopinda. Na kwa kulishika kabati lile ndipo nikakumbuka.

"Bwana Prescott, ukurasa wa kumi na moja umeandika nini?"

"Wa kumi na moja? Ununuzi wa 1931. Matengenezo. Jiko lilihamishwa kutoka..." Akaugeukia mlango wa jikoni.

"Kutoka upande huu," nikasema. "Ukutani nyuma ya kabati hili kuna fremu ya mlango uliozibwa. Niliiona tulipopaka rangi."

Shangazi akainua kichwa. "Mmehamisha mlango wa Baba?"

Ngazi ikasogezwa. Prescott akapanda, akanyoosha mkono, akapapasa yai moja mara mbili.

"Liko hapa, Mama. Limebanwa kama mtu wa tatu kwenye kiti cha watu wawili."

Shangazi akalia, na mimi nikalia, sikujali.

Prescott akatoa rasimu, akaandika pembeni, akasoma: "Inasemekana dari hii ilitengenezwa na Lemuel Dorsey, fundi wa..."

"Rudia neno la kwanza," Shangazi akamkatiza, akifuta macho.

"Inasemekana."

"Waitaliano uliwawekea inasemekana?"

"Hapana, Mama."

"Uliwaona wakifanya kazi?"

"Hapana."

"Una karatasi yao?"

"Nina mkataba wa karakana yao. Hauna jina la fundi hata mmoja."

"Na mimi nina yai."

Akamtazama. Kijana akalikata lile neno kwa mstari mmoja, kisha akauliza jina la Babu linaandikwaje, herufi kwa herufi, na Shangazi akamtajia polepole, kama anayemfundisha mtoto jina lake.

Kwenye teksi alinigeukia. "Baba alisema mgeni hataliona, ila atakayepita na sahani ataliona. Wewe miaka ishirini na sita!"

"Mlango ulihamishwa, Shangazi."

"Mlango ulihamishwa. Na shingo yako?"

Tulifundishwa kutazama sahani, na nilikuwa mwanafunzi mzuri mno.

Jumamosi Balozi alikuwa na wageni kumi na wanne. Niliingia na bakuli la supu ya kaa, na kabla sijafika mezani nikasimama mbele ya kabati la vyombo, nikainua uso. Mazungumzo yakapungua. Balozi mwenyewe akainua uso, na mmoja mmoja meza nzima wakafuata.

"Kuna nini huko juu, Clifton?" akauliza.

"Kazi ya babu yangu, Mheshimiwa," nikasema, na nikaiacha supu ipoe kidogo.